Hesabu ya mita tatu na nusu

Kaa siti ya mbele kwenye daladala yoyote ya Gongo la Mboto asubuhi, subiri gari likwame nyuma ya baiskeli ya mkaa, utalisikia swali lenyewe. Dereva ameshapiga honi mpaka amechoka. Konda anatoa kichwa dirishani, anatukana kidogo, kisha mmoja wao anasema: "Hivi hawa nao wanalipia nini barabarani?" Abiria wanacheka, gari linapenya, mkaa unabaki nyuma. Hakuna anayejibu, kwa kuwa swali huulizwa na mtu ambaye jibu analo tayari.

Swali hilo linastahili kujibiwa, tena kwa tarakimu, kwa sababu mengi yanayotokea baadaye kati ya dereva na mwendesha baiskeli yanaanzia hapo.

Hadi mwaka 2017 mwenye gari Tanzania alikuwa akilipa ada ya leseni ya gari kila mwaka na kubandika stika kwenye kioo. Bajeti ya 2017/18 ikaifuta ada hiyo, na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita kufidia pengo. Kwa hiyo dereva anapojaza mafuta analipa kweli, na tozo ya mafuta ndiyo inayolisha Mfuko wa Barabara kwa ajili ya matengenezo. Sasa tuulizane, kinachotengenezwa kimeharibiwa na nani? Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa mzigo kwenye ekseli ukiongezeka, uharibifu wa barabara hauongezeki sawasawa nao. Unapanda takriban kwa kipeo cha nne, yaani mzigo ukizidi mara mbili, uharibifu unazidi mara 16. Chukua lori lenye tani 10 kwenye ekseli moja, na baiskeli ya mkaa iliyobeba kilo 200 kwenye gurudumu la nyuma. Uzito umetofautiana mara 50. Uharibifu unatofautiana zaidi ya mara milioni 6. Ndiyo maana TANROADS, wakala wa barabara kuu, wana mizani ya malori pale Vigwaza, na hakuna mtu aliyewahi kuota kujenga mizani ya baiskeli.

Na hayo ni matengenezo tu. Ujenzi wenyewe, fidia ya ardhi, madaraja na taa hutoka kwenye kodi za jumla na kwenye mikopo ambayo kodi hizo hizo zitakuja kuilipa. Muuza mkaa akinunua kipande cha sabuni, VAT imo ndani yake. Ukipiga hesabu ya nani anambeba nani barabarani, mwenye baiskeli ndiye anayekudai.

Nimeanza na pesa kwa makusudi. Dereva anayeamini kwamba mwenzake ni mdoezi hatampisha. Atamvumilia tu, na uvumilivu wa mtu aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na bado yuko foleni saa mbili ni mfupi sana. Ila hata tukifanikiwa kuwashawishi madereva wote wa Dar es Salaam kwa hesabu hizi za ekseli, ugomvi hautaisha. Utaendelea kesho asubuhi pale pale, kwa sababu chanzo chake kikubwa kimemwagwa kwa lami na kuchorwa kwa rangi nyeupe.

Pima mwenyewe. Njia moja ya barabara kuu huwa na upana wa mita 3.25 hadi 3.5. Tuwe wakarimu, tuseme 3.5. Lori au basi kubwa lina upana wa mita 2.5, bila kuhesabu vioo vya pembeni. Imebaki mita 1. Mtu juu ya baiskeli, na lile yumbayumba la kawaida la kupiga pedeli, anahitaji karibu mita 1 ili tu aende mbele bila kugusa kitu. Bado hujaweka nafasi ya usalama kati yao. Uhispania na Ujerumani zimeandika kwenye sheria kwamba nafasi hiyo isipungue mita 1.5, jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, liliweka mita 1 mwaka 2013. Hata ukichukua ile ndogo, unahitaji mita 4.5 ndani ya njia yenye 3.5. Haiwezekani. Hakuna ustadi wa dereva wala adabu ya mwendesha baiskeli inayoweza kuzalisha mita moja ambayo haipo.

Maana yake ni kwamba baiskeli inapaswa kupitwa kama gari linavyopitwa: unasubiri, unaangalia kulia, unahama njia, unapita, unarudi. Basi. Madereva wengi hawafanyi hivyo kwa sababu baiskeli, kwa jicho, inaonekana kama inaacha nafasi. Na kadiri mwendesha baiskeli anavyojibanza pembeni kwa heshima, ndivyo nafasi ile ya uongo inavyozidi kuonekana kuwa ya kweli. Hapa ndipo madereva na waendesha baiskeli wasipoelewana kabisa. Anayeendesha mita moja ndani ya njia, mbali na ukingo, huonekana mkaidi, anayeringia barabara. Mara nyingi ni mzoefu. Anajua kule pembeni kuna mchanga, kuna vipande vya chupa, kuna ukingo wa lami uliomong'onyoka ukaacha kishimo cha kumeza gurudumu, na kuna mlango wa gari lililoegeshwa unaoweza kufunguka wakati wowote. Akijibanza huko, hana pa kukimbilia lori likimkaribia.

Nenda kasimame kwenye mteremko wa Pugu kabla jua halijapanda, uwatazame wanaoshuka na mkaa kutoka upande wa Kisarawe. Magunia mawili, mara nyingine matatu, yamefungwa kwa mipira iliyochanwa kutoka tyubu kuukuu, yamekaa kwenye kariya yakizidi upana wa usukani. Gunia moja linaweza kupita kilo 50. Breki za waya zilishakufa siku nyingi, na hata zingekuwa nzima zisingeushika mzigo ule. Kwa hiyo mtu anashuka akiwa ameegemeza soli ya kandambili kwenye tairi, anaisugua, anaiachia, anaisugua tena, na harufu ya mpira unaoungua unaisikia akishapita. Mtu huyu hawezi kusimama ghafla. Hawezi pia kukwepa ghafla, maana mzigo ukishaanza kuyumba unaenda nao. Dereva anayemchomekea mbele na kukanyaga breki kwenye rasta amemwachia uchaguzi kati ya mtaro na bampa.

Watasema, basi asibebe hivyo. Sawa. Lakini asipobeba yeye, mkaa utafika jikoni kwako kwa nauli ya nani? Jiji hili linakula kwa baiskeli kuliko linavyokiri. Samaki wa Feri, madafu, mkate, mboga za bondeni, mnoa visu anayezunguka mtaa kwa mtaa: wote wako juu ya magurudumu mawili na wote wanapita kwenye barabara zilizochorwa kana kwamba hawapo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dereva wa daladala naye ana yake. Gari si lake. Jioni anadaiwa hesabu, yaani ile pesa ya kila siku ya mwenye gari, na tajiri wake, iwe kulikuwa na foleni, iwe mvua ilinyesha, iwe trafiki alimsimamisha. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho anachogawana na konda. Kila dakika nyuma ya baiskeli ni abiria wa kituo kinachofuata anayechukuliwa na mwenzake aliyepita. Ukiyajua haya, tukio lile la kila siku la kituoni unaliona vingine. Konda anagonga bati, "Shusha!", gari linampita mwendesha baiskeli, kisha ndani ya mita ishirini linakata kushoto na kusimama mbele yake. Mwenye baiskeli hana njia ila kutoka nje upande wa kulia, kwenye njia ya magari yanayokuja nyuma. Abiria wanashuka, gari linaondoka, linamkuta tena, linampita tena. Kituo kinachofuata, mchezo ule ule. Hawa wawili wanaweza kupitana hivyo kutoka Ukonga hadi TAZARA, na wakifika kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake ni mwendawazimu. Ukweli ni kwamba wana mwendo wa wastani unaolingana na wamelazimishwa kutumia ukanda mmoja wa kushoto kwa kazi mbili zisizoendana.

Wote wawili wanatumikishwa na muda. Mmoja anakimbizana na hesabu ya tajiri, mwingine anakimbizana na wateja wa asubuhi. Ukimwona mmoja kama mhalifu na mwingine kama mhanga, utaandika sheria mbovu.

Tofauti kati yao ni nani anakufa, na hapo ndipo usawa wa lawama unapoisha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani duniani kila mwaka. Zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, watu wa pikipiki na watu wa baiskeli. Waendesha baiskeli peke yao ni asilimia 6. Ripoti hiyo hiyo inasema barabara zenye njia ya baiskeli duniani ni asilimia 0.2 tu ya barabara zote. Hizo tarakimu mbili ukiziweka pamoja, huhitaji mtaalamu wa kukufafanulia.

Mwendo ndio unaoamua. Dereva aliye macho anachukua kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, na gari halijaanza hata kupunguza. Kwa kilomita 30 kwa saa, lami ikiwa kavu, gari linasimama ndani ya mita kama 13. Kwa 50, ambao ndio ukomo wa kisheria kwenye maeneo ya makazi Tanzania, linahitaji mita kama 28. Kwa 80, mwendo ambao wengi wetu tunauona wa kawaida barabara ikifunguka usiku, ni karibu mita 58. Baiskeli inayotokea mbele yako kwenye mita 25 ina nafasi ya kupona kwa mwendo wa kwanza, itagongwa kwa mwendo ambao gari limeshapunguza kwa wa pili, na kwa wa tatu itagongwa kabla gari halijapunguza kitu cha maana. Dereva ni yule yule, macho yale yale, kosa lile lile.

Nawafahamu watu watakaosema tatizo letu ni utamaduni, kwamba Mwafrika hana nidhamu ya barabara, kwamba ukijenga njia ya baiskeli zitajaa bodaboda na meza za machinga. Hoja hii ni maarufu kwa sababu ina ushahidi wa macho. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, awamu ya kwanza iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, iliwekewa pia njia za baiskeli pembeni kwenye ule ukanda wa kilomita 20.9 wa Kimara, Kivukoni na matawi yake. Jiji likapewa hadi tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Pita leo uone. Bodaboda wanakatiza humo kukwepa foleni. Magari yameegeshwa. Pengine kuna mchanga wa fundi, pengine jenereta la duka, pengine ubao wa tangazo la chipsi. Mwenye baiskeli anaingia, anatoka, anaingia, mwisho anachoka na kurudi barabarani, ambako dereva anamfokea: "Njia yenu si ile pale?"

Sasa geuza shingo kidogo upande wa kulia. Katikati ya barabara hiyo hiyo kuna njia nyingine maalumu, ya mabasi ya mwendokasi. Bodaboda akiingia humo anajua anachokitafuta. Askari wapo, faini ipo, na pikipiki inaweza kulala kituoni. Watumiaji wa barabara hizi ni wale wale, utamaduni wao ni ule ule, jua linalowachoma ni moja. Njia moja inaheshimiwa kiasi cha kuridhisha, nyingine ni gulio. Tofauti ni kwamba moja ina mwenyewe. Ina wakala, ina bajeti, ina tiketi zinazouzwa, na kila gari linaloingia humo linamchelewesha mtu mwenye simu ya kupiga. Njia ya baiskeli haina mwenyewe. Hakuna ofisi ambayo simu yake inalia mtu akimwaga kokoto humo.

Kwa hiyo nidhamu inawezekana. Tumeichagulia mahali pa kukaa.

Niwageukie waendesha baiskeli, maana wana yao na si madogo. La kwanza ni giza. Baiskeli isiyo na taa wala kile kioo chekundu cha nyuma kinachong'aa kikimulikwa, ikiwa inaendeshwa na mtu aliyevaa koti jeusi, kwenye barabara ambayo taa zake zimekufa, dereva anaiona akiwa ameshaikaribia mno. Tochi ndogo ya kufunga kwenye usukani inauzwa Kariakoo kwa bei isiyofika hata ya tairi. Hili sina utetezi nalo.

La pili ni kuendesha kinyume na mwelekeo wa magari, na hili nina utetezi nusu. Wengi hufanya hivyo wakiamini ni salama zaidi kwa kuwa wanayaona magari yanayowajia. Sivyo. Mwendo wa kilomita 15 kwa saa ukijumlishwa na 50 unapata 65, na muda wa kukwepa unakatika. Zaidi ya hapo, dereva anayetoka mtaani na kutaka kukata kushoto anaangalia kulia tu, kule magari yanakotokea. Baiskeli inayotoka kushoto kwake haipo kwenye akili yake mpaka iwe kwenye boneti. Lakini jiulize kwa nini mtu anafanya hivyo. Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, barabara imepanuliwa kuwa njia nane. Ukiishi upande mmoja na duka lako liko mita mia tatu mbele upande huo huo, kinyume na mwelekeo, njia halali inakutaka ufike kivuko, uvuke njia nane na mizigo yako, urudi upande wa pili, utafute kivuko kingine, uvuke tena njia nane. Kila kuvuka ni hatari kubwa kuliko zile mita mia tatu. Anayeuchagua uhalifu mdogo hapo hajapungukiwa akili.

Na kuna wale wa Jumamosi asubuhi, wenye nguo za kubana na kofia ngumu, baiskeli moja bei ya pikipiki mbili. Hao wanachukiwa kwa namna nyingine, lakini wana faida moja ambayo muuza madafu hana: akigongwa mmoja wao, kesho yake kuna picha kila mahali na kuna mtu anayepokea simu wizarani. Wangeitumia sauti hiyo kwa ajili ya wote, ningewasamehe hata kuendesha watatu watatu sambamba.

Wapo wanaopendekeza njia fupi: ziondolewe. Bujumbura walijaribu. Machi 2022 serikali ya Burundi ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji hilo kwa hoja ya usalama barabarani. Kilichofuata ni watu wengi kusubiri mabasi yasiyotosha, au kukanyaga kwa mguu. Katika nchi ambayo mafuta yenyewe yalikuwa ya kutafutwa kwa foleni, kuondoa chombo kisichotumia mafuta ni uamuzi ambao hadi leo sijaweza kuupatia sababu. Barabara ikikosa baiskeli, ajali za baiskeli zitakosekana humo, hilo halina ubishi. Waliokuwa juu yake wamehamia wapi ndilo swali, na jibu ni kwamba wengi wamekuwa watembea kwa miguu, kundi linalokufa kwa wingi kuliko waendesha baiskeli.

Tanga inatoa funzo tofauti, na haijifanyi mfano wa mtu yeyote. Ni mji tambarare, baiskeli ni usafiri wa kawaida wa wanaume kwa wanawake, na Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba kuanzia ya kwanza, dereva anaingia kila makutano akitarajia baiskeli. Hajafundishwa semina. Amezizoea, na labda aliyemwacha nyumbani asubuhi naye yuko juu ya moja. Mwaka 2003 mtafiti Peter Jacobsen alichapisha uchambuzi wa takwimu za miji na nchi kadhaa ulioonyesha kuwa waendesha baiskeli wakiongezeka maradufu, majeruhi hawaongezeki maradufu. Huongezeka kwa karibu theluthi moja tu. Kila mmoja wao anakuwa salama zaidi kwa kuwa wenzake wapo. Watu wa Tanga wangeweza kumwambia hivyo bila takwimu. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba Dar es Salaam, kila mtu anayekata tamaa na kununua pikipiki ya mkopo anamwacha aliyebaki kwenye baiskeli katika hatari zaidi.

Tufanye nini? Sheria ya mita 1.5 ningeiunga mkono, lakini sitaiwekea matumaini. Trafiki hana futi ya kupimia gari linalokwenda, na kwa hesabu tuliyopiga juu, sheria hiyo kwenye njia ya mita 3.5 ni amri ya kuhama njia iliyoandikwa kwa mafumbo. Bora iandikwe wazi: ukiipita baiskeli, hama njia, huwezi, subiri. Hiyo trafiki anaweza kuiona kwa macho.

Kwenye mitaa ya ndani, ile iliyo chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu chombo hicho kilipoanzishwa mwaka 2017, sidhani kama tunahitaji njia ya baiskeli hata moja. Tunahitaji kilomita 30 kwa saa na matuta yaliyojengwa vizuri, si yale ya kuvunja sampo. Mwendo ukishuka, baiskeli na gari vinaweza kugawana mtaa bila mstari wowote, na watoto wa shule wanafaidi humo humo.

Kwenye barabara kuu za TANROADS hakuna ujanja, lazima vitenganishwe, na rangi haitenganishi kitu. Ukingo wa zege usiopandika kwa tairi ndio unaotenganisha. Njia ya baiskeli ipite nyuma ya kituo cha daladala, kati ya kibanda na maduka, ili ule mchezo wa kupitana na kuchomekeana ufe kifo cha asili. Nafasi haipo? Kwenye barabara ya njia nane, ukipunguza kila njia kutoka mita 3.5 hadi 3.25 umepata mita 2 nzima bila kubomoa hata kibanda. Madereva hawatagundua, isipokuwa watajikuta wanapunguza mwendo kidogo, jambo ambalo nalo tulikuwa tunalitafuta.

Limebaki la bima, ambalo silioni likizungumzwa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu. Mwendesha baiskeli aliyegongwa ndiye huyo mtu wa tatu. Ana haki ya kudai matibabu, kipato alichopoteza, na familia yake ina haki akifa. Kinachotokea kwa kawaida ni tofauti. Dereva anashuka, watu wanajaa, mzee mmoja anasema "yamalizeni", elfu thelathini au hamsini zinatoka mfukoni, majeruhi anapandishwa bodaboda kwenda zahanati bila PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, bila mchoro wa trafiki, bila namba ya bima kuandikwa popote. Kwa hospitali hiyo ni ajali. Kwa polisi huenda haikutokea. Kwa kampuni ya bima hakika haikutokea. Mwenye daladala anaendelea kulipa bima ile ile kana kwamba dereva wake hajawahi kugusa mtu, na barabara iliyomgongesha inabaki bila doa kwenye takwimu, kwa hiyo mhandisi naye hana sababu ya kuirudia.

Vyama vya waendesha baiskeli, serikali za mitaa na hata TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wangeweza kuanza hapa bila kusubiri mfuko wa zege: kumfundisha kila mwenye baiskeli ya mzigo kwamba asikubali kumalizana barabarani kabla ya kuchukua namba ya gari na PF3, na kumpa mtu wa kumsaidia kuandika dai. Madai yakianza kufika mezani kwa mamia, kampuni za bima zitapandisha bei kwa wamiliki ambao madereva wao wanagonga ovyo, matajiri watazitazama upya zile hesabu za jioni, na watu wa kwanza kwenda TANROADS kudai ukingo wa zege watakuwa wamevaa suti.